Kausha Mikono Kwanza

Wifi yangu hajui kutuma ujumbe mfupi. Akitaka kukuambia maji yamekatika, ataanza na alivyoamka, mgongo ulivyomsumbua, kuku wa jirani aliyeingia jikoni kwake bila hodi, ndipo afike kwenye bomba, na hapo maji yenyewe yameshatoka. Nimewahi kuanza kusikiliza ujumbe wake nikiwa nasuuza, nikamaliza kusuuza, nikakamua, nikaanika, na yeye bado hajasema alichotaka. Nikimwambia, wifi, sema neno lako ushuke, ananijibu kwamba mimi nilizaliwa na haraka, hata kaka yangu alikuwa akilalamika. Kaka yangu ndiye aliyekuwa mume wake, na kwa kuwa hayupo tena duniani wa kukanusha, hoja hiyo ananishinda nayo kila siku.

Sisi ni madobi. Tunafulia nyuma ya hospitali, kwenye sakafu ya saruji yenye mabomba pembeni, na mbele yake uko uwanja wa kuanikia. Si uwanja wa kumwonyesha mgeni: vumbi upande huu, kokoto upande ule, nguzo za mbao zilizopinda na kamba zinazokatizana hadi mtu mrefu akipita bila kuinama anaacha kofia. Lakini una jua tangu asubuhi hadi jioni, hakuna ghorofa la kuuzibia. Wifi anafua mashuka ya hospitali. Sharti la hospitali ni kwamba shuka lililotoka wodini asubuhi lirudi siku hiyo hiyo, limekauka na limekunjwa. Bila jua la uwanja ule, kazi hiyo ingekwenda kwa kampuni ya mashine, na wifi angebaki anaitazama mikono yake. Kwa mashuka hayo amemlea binti yake tangu kaka yangu afariki, na kwa mashuka hayo binti yuko chuoni, mji mwingine. Kwa hiyo anayeugusa uwanja amemshika wifi kooni.

Na waliugusa. Asubuhi moja tulifika na mabeseni yetu tukakuta vigingi vyenye vichwa vyekundu vimepigwa kwa mstari mnyoofu kutoka ukuta wa hospitali hadi barabarani. Nguzo kadhaa za kamba zilikuwa zimelazwa chini. Bibi Kamba, mkubwa wetu, tunayemwita hivyo kwa sababu kamba karibu zote za pale ni yeye aliyezifunga, alivitazama vile vigingi, akatikisa kimoja, akaona kimekaa imara, akafungia kamba yake hapo na kuanika soksi. Alisema kigingi ni kigingi, awe amekipiga nani.

Mchana alikuja afisa ardhi wa manispaa. Mtu huyo nilizijua kola zake kabla sijaijua sura yake, maana mashati yake yanafuliwa pale pale na wifi. Dereva wake ndiye huyaleta na kuyafuata. Hakushuka garini. Alishusha kioo nusu, akatueleza kwamba uwanja utakuwa maegesho ya magari ya ofisi mpya. Bado hakijaamuliwa kitu, akasema, kamati itakaa, na kwa ajili ya kuwashirikisha wananchi kikao kitakuwa cha mtandaoni: mwenye pingamizi aingie kwa simu yake aseme, na asiyeingia atahesabiwa amekubali. Aliyasema hayo anatabasamu, kama mtu anayekualika karamu huku sahani ameshazificha. Kisha kioo kikapanda. Kwamba mtu anaweza kuvaa shati lililokauka uwanjani kisha akauhukumu uwanja huo huo, hilo limenikaa kifuani mpaka leo.

Wifi alimpigia binti yake huku analia. Binti alikuwa amewahi kuwa kwenye kampeni chuoni kwao walipodai maji bwenini, na alijua mambo haya: namna ya kukusanya watu kwenye simu, namna ya kupanga nani aseme nini, namna ya kuingia kikao cha mtandaoni bila kubaki mlangoni. Siku hiyo hiyo akaunda kundi, akaliita Uwanja Wetu, akatuingiza sote tunaofulia pale, na akamfanya mama yake admini. Mtoto mwenye akili zake, lakini hapo alipotea. Hakumjua mama yake kama ninavyomjua mimi. Wifi ni mtu wa kumfukuza mgeni sebuleni kwa sababu amekaa kwenye kiti kibaya. Sasa anapewa kitu cha kufukuzia watu kwa kidole. Kuanzia hapo jina lake likawa Admini, na ukimwita anageuka kabla hujamaliza.

Kama hujawahi kuwa ndani ya kundi la kampeni, nikueleze. Unaamka unataka kujua kikao ni lini, unakuta maua. Waridi lenye umande na maandishi ya asubuhi njema. Chini yake waridi jingine. Chini yake mtu anauza viatu vya mtoto, vimevaliwa kidogo tu. Mama Pacha, jirani yangu wa beseni, mwenye watoto mapacha na mdomo wa watu wanne, akatuma picha ya mkate uliopasuka katikati, akauliza kama kuna mwingine ambaye mkate wake umefanya hivyo. Watu wakajibu. Hoja ya mkate ikaenda mpaka mchana. Binti anauliza kutoka chuoni, jamani, nani atamfuata diwani? Kimya. Mara mtu anatuma picha ya viganja viwili vilivyokutanishwa. Hivyo viganja sijui maana yake hata leo: anaomba, anashukuru, au anatuaga?

Tena sisi hatuandiki. Mtu mwenye povu hadi kiwikoni ataandikaje? Kwa hiyo ni jumbe za sauti, na pale kwetu zina utaratibu wake. Simu inatiwa kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, mfuko unabanwa kwa kibanio kwenye kamba iliyo mbele ya uso wako, na ujumbe ukiingia unaubonyeza kwa ncha ya kiwiko au kwa pua. Wifi ni wa pua. Na kwa sababu simu iko mfukoni na mabomba yanapiga kelele, sauti inafunguliwa mpaka mwisho. Basi ujumbe mmoja wa binti unausikia kwanza kwa Mama Pacha, halafu kwa wifi, halafu kwa yule mnyamavu wa karibu na ukuta, kila simu imeanza kwa wakati wake, kama kwaya iliyogombana. Tulizoea, wala hakuna aliyeona ajabu.

Mpango wa kwanza wa binti ulikuwa mzuri. Diwani anayeongoza ile kamati, mama mmoja mtulivu, alikuwa anakuja hospitali kufungua wodi iliyopakwa rangi upya. Tungemngoja mlango wa nyuma, tumshike mkono, tumwonyeshe uwanja aujue kwa macho yake kabla ya kuambiwa habari zake na mwingine. Tukavaa safi, tukaanika mashuka mstari kwa mstari, tukangoja. Diwani akaingizwa kwa mlango wa mbele na kutolewa kwa mlango wa mbele. Mlinzi wa hospitali alitupa habari kwamba afisa ardhi amepiga simu asubuhi, ameomba njia ibadilishwe.

Mpango wa pili ndio nilioupenda mimi. Tungechukua nguo zetu za nyumbani, tuzifue, tuzibebe zikiwa mbichi, twende tukaanike kwenye uzio wa chuma wa manispaa, ili kila anayeingia ofisini apigwe na ncha ya shuka usoni na ajue kukosa pa kuanikia kukoje. Tulipofika, askari walikuwa wamesimama kuuzunguka uzio wote, na kibao kimeshatundikwa: Usianike Nguo Hapa. Rangi yake ilikuwa bado haijakauka. Nimeishi mji huu maisha yangu yote, sijaona ofisi ya serikali ikifanya jambo upesi namna ile. Tukarudi na mabeseni yetu, maji yanatuchuruzika shingoni, watu njiani wanatuuliza kama bomba limepasuka.

Usingoje nikuambie wifi alifanya nini. Alituma ujumbe, na kwa mara ya kwanza haukuwa na kuku ndani yake. Alisema tunaye msaliti.

Siku zilizofuata sikupumzika. Nikisuuza, wifi ananinong'oneza nani amemtazama vipi. Akamtoa kundini Mama Pacha, kwa sababu mpwa wake ni askari. Akamtoa yule wa karibu na ukuta, kwa sababu hasemi kitu, na asiyesema anasikiliza. Akamtoa mwingine kwa sababu anasema sana. Mmoja alijibu ujumbe haraka mno, akatoka. Mmoja alichelewa kujibu, naye akatoka. Bibi Kamba ana simu ya vibonyezo, ile isiyojua mtandao ni nini. Kundini alikuwa anaingia kwa simu ya mjukuu wake. Wifi akasema mjukuu huyo hatumjui vizuri. Nikamwambia huyo mtoto tumemwogesha sisi. Akasema ndio hao wanaotumiwa. Akamtoa.

Tukabaki watatu: yeye, mimi na binti. Haikuwa kampeni tena, kilikuwa kikao cha ukoo. Binti alipoona orodha imekatika hivyo alipiga simu, akaniuliza, shangazi, mama ana nini? Nikamwambia ana cheo.

Na uwanjani mambo yakageuka machungu. Mama Pacha alihamisha beseni lake akaenda bomba la mwisho kabisa, akarudi mara moja tu kuchukua vibanio alivyokuwa amemwazima wifi, akavihesabu mbele yake. Bibi Kamba alifungua kamba zake upande wa wifi, akazikunja, akazikalia. Bila kamba zile mashuka yakawa yanaanikwa kwa kupishana, mengine yanangoja zamu, na jioni yanarudi hospitali yana unyevunyevu. Msimamizi wa stoo akamuuliza wifi kama kazi imemchosha, maana wapo wanaoitaka. Wifi alirudi kutoka stoo amenyamaza. Wifi akinyamaza ni kama redio ya jirani kuzimika ghafla: unajua kuna jambo. Kikao kilikuwa kesho yake, na kule mtandaoni tungeingia madobi wawili kusema tunawakilisha uwanja mzima, huku uwanja mzima umetupa mgongo.

Siku hiyo hiyo, alasiri, binti akatuma ujumbe wa mwisho. Wifi alikuwa amezama kwenye kola ya shati jeupe, anaisugua kwa mswaki. Dereva wa afisa ardhi alikuwa amekuja kufuata mashati ya bosi wake, akaegemea nguzo kungoja hilo la mwisho, anatafuna kijiti. Ni mtu mstaarabu yule, hana haraka, husalimia kila beseni. Wifi akainua uso, akabonyeza kwa pua. Sauti ya binti ikajaa uwanja: mama, kesho usianze kugombana, mwache afisa aseme kwanza, maana najua atasema kwamba uwanja...

Gari la wagonjwa likaingia na king'ora, likameza yaliyobaki.

"Dada," dereva akasema, "hapo mwisho sikusikia vizuri. Hebu irudie."

Na wifi, Mungu ni shahidi, akapeleka pua kuirudia.

Nilimvuta kwa nyuma ya gauni. Nilimvuta kwa nguvu hadi beseni likayumba. Kisha nikamgeukia dereva, nikamuuliza haya anayoyasikia hapa huwa anayapeleka wapi. Wala hakuficha. Alisema njiani kuna foleni, redio ya gari imekufa, na bosi hupenda kuchangamshwa. Alimsimulia habari ya diwani na mlango wa nyuma, bosi akacheka. Alimsimulia habari ya kuanika kwenye uzio, bosi hakucheka, alipiga simu.

"Na hukuona haya?" nikamuuliza.

"Haya ya nini, mama? Mnafungua sauti mpaka barabarani inasikika. Mimi nilidhani mnatangaza."

Wiki nzima tumewindana, watu wamenyang'anyana vibanio, mjukuu wa watu ametiliwa shaka, na msaliti mwenyewe ananing'inia mbele ya pua zetu kwenye mfuko wa nailoni. Wifi alivitazama vitu vitatu kwa zamu: simu yake, shati la afisa alilolishika, na mgongo wa Mama Pacha kule bomba la mwisho. Akamaliza kola. Akasuuza. Akamkabidhi dereva shati likiwa bichi, akamwambia leo akaanike kwao. Dereva akaenda zake anashangaa.

"Waambie wewe, wifi," akaniambia dereva alipokwisha ondoka. "Wewe unajua kusema kwa ufupi."

"Ufupi ninao, lakini aliyewatoa ni nani?"

Akajifuta mikono kwa aproni, kidole kwa kidole. Akaitoa simu mfukoni. Akawarudisha mmoja mmoja, kisha akaanza kurekodi, nami nimesimama namsikia. Ujumbe wa kwanza ulianza na mgongo wake, akaufuta. Wa pili ulianza na marehemu kaka yangu. Nikamkazia macho, akaufuta. Wa tatu ukasema: hakuna msaliti, ni mimi na sauti ya simu yangu, na zenu pia, lakini aliyewatoa ni mimi; kesho ni kikao, naomba mrudi. Akautuma. Ulikuwa ujumbe mfupi kuliko yote aliyowahi kutuma tangu azaliwe, na nilitamani kuutunza.

Wengine wakajibu kwa vile viganja viwili. Safari hii sikuuliza maana. Bibi Kamba, mjukuu wake alipomsikilizisha, alisimama akaanza kuzifunga kamba zake mahali pake bila kutazama mtu. Lakini Mama Pacha alitoka. Wifi akamwingiza. Akatoka. Wifi akamwingiza. Kwenye kundi ikawa ameingizwa, ametoka, ameingizwa, ametoka, kama mlango wa duka, na wote wawili wako pale pale uwanjani, karibu kiasi kwamba ungerusha kibanio kingempata mwenzake. Nilitaka kuwagonganisha vichwa.

Mwishowe wifi akaitumbukiza simu mfukoni mwa aproni, akaenda. Nikamfuata, maana mambo haya hayataki kukosa shahidi.

"Mama Pacha," akasema, "simu imenishinda. Nimekuja kwa miguu."

Mama Pacha hakuinua kichwa. "Kutoka bomba lile mpaka hili? Pole na safari. Kaa upumzike."

"Nimekukosea."

"Hilo mimi nilikuwa nalijua. Tulikuwa tunakungoja wewe ulijue."

"Uwanja huu ukienda, mwanangu anarudi nyumbani. Kesho siwezi kusimama pale na wifi yangu peke yake. Unamjua alivyo na haraka."

Hilo la mwisho halikuwa na lazima. Mama Pacha alikuwa na shuka zito majini. Akalitoa, akashika ncha moja, ile nyingine akamrushia wifi kifuani. Shuka haliwezi kukamuliwa na mtu mmoja likakauka vizuri. Mmoja anasokota huku, mwenzake anasokota kule. Wakasokota hadi tone la mwisho, wamevuta kila mmoja kwake kama wanaotaka kulichana.

"Kesho saa ngapi?" Mama Pacha akauliza.

Kesho yake nilidhani kichaa kimeisha. Sote tulikuja mapema, tukasimama kwenye sakafu ya kufulia, kila mmoja na simu yake, Bibi Kamba na ya mjukuu wake, na kwa kuwa afisa alisema asiyeingia amekubali, kila mmoja akaingia. Bega kwa bega, simu kwa simu. Diwani akafungua kikao, sauti yake ikatoka kwenye simu zetu zote, ikaingia tena kwenye simu zetu zote, ikazunguka, ikageuka mluzi wa kupasua meno. Wagonjwa wakachungulia madirishani. Karani wa kikao akasikika kwa shida akisema hao wa uwanjani wakiendelea hivyo atawatoa. Wifi aliposikia neno kutolewa, alinitazama. Nikatazama pembeni.

Binti, aliyekuwa ameingia kutoka chuoni, ndiye aliyetuokoa. Alisema kwa sauti ya kuchoka kwamba tuzime simu zote tubaki na moja, wengine tujipange nyuma yake. Ikachaguliwa ya Mama Pacha, maana ndiyo mpya. Na sisi tungeiweka wapi? Tuliiweka tunapojua: kwenye mfuko wa nailoni, kibanio, kamba. Upepo ukawa unaipeleka huku na huko, kwa hiyo kamati ilikuwa inaona anga, kisha mashuka, kisha paji la uso la Bibi Kamba, kisha mashuka tena.

Afisa ardhi alipewa nafasi ya kwanza. Alivaa tai. Alisema eneo linalohusika liko wazi, halina matumizi yoyote ya maana, ila watu wachache hupita na kutupa takataka. Alikuwa na maneno mazuri ya ofisini, yanateleza kama sabuni. Diwani akamkatiza, akauliza kile kinachoonekana kinapepea kwenye picha ya wale akina mama ni nini. Afisa akasema hana uhakika. Diwani akaomba tujibu wenyewe.

Wifi akasogea mbele ya kamba. Binti alikuwa amempangia maneno: haki, sheria, mazingira. Nikamwona anavuta pumzi, nikaujua ule mvuto.

"Mheshimiwa, mimi leo nilipoamka..."

Mama Pacha akamfinya kiunoni. Nililiona, na nilimshukuru.

"Mheshimiwa," wifi akaanza upya, "hayo ni mashuka ya hospitali. Yametoka wodini leo asubuhi, jioni yanalaliwa na wagonjwa, na hapa ndipo yanapokauka. Hakuna pengine. Na mashati ya huyo afisa yanakauka kwenye kamba hii hii, wiki kwa wiki. Mwulize kola yake anafuliwa na nani."

Na hapo picha ikaganda. Diwani amefungua mdomo, afisa ameshika kola, wote kimya kama picha ya harusi. Tukangoja. Tukatikisa mfuko. Bando limekwisha. Mapacha wa Mama Pacha walikuwa wametazama katuni tangu walipoamka. Kampeni nzima, vikao, askari, machozi, imeishia kwenye sungura anayekimbizwa na paka. Tulihangaika kuingia kwa simu nyingine, ikatuambia tungoje kuruhusiwa, tukangoja kuruhusiwa, mpaka ikatuambia kikao kimefungwa. Binti naye, aliyetoka kikaoni kuwahi darasa mara tulipobaki na simu moja, simu yake ikawa haipokelewi.

Sitausahau mchana ule. Hakuna aliyemgombeza Mama Pacha, na hilo lilimuumiza zaidi. Wifi aliketi juu ya beseni lililofunikwa, mikono mapajani, anavitazama vigingi vyekundu. Hakuna aliyeondoka mapema. Mashuka yakakauka kama siku nyingine yoyote, tukayaanua, tukayakunja wawili wawili, na hakuna aliyeuliza kesho tutayaanika wapi.

Jioni inakaribia, tukaona gari la afisa limesimama upande wa barabara. Ndani hakuwamo afisa. Dereva akashuka, hana nguo mkononi, akaja hadi kwenye nguzo yake ile ile akaegemea.

"Leo nami natangaza," akasema. "Sogeeni, maana sina sauti kama ya simu zenu."

Alisema bosi alipanda gari bila kusalimu. Njia nzima alikuwa kwenye simu na mtu, akimlalamikia kwamba diwani amemuuliza mashuka ya hospitali yatakauka wapi, akakosa la kujibu. Kwamba kamati imekataa, vigingi ving'olewe, na maegesho yahamie mbele ya ofisi zenyewe, kwenye bustani ya maua. Wifi alimtaka arudie. Dereva akarudia, neno kwa neno, na safari hii hakuna king'ora kilichopita.

"Na amesema nimtafutie dobi mwingine," akamalizia. "Nimezunguka mji mzima. Wote wanaanika hapa."

Mama Pacha ndiye aliyeanza kucheka, kisha Bibi Kamba, kisha wote. Wifi hakucheka. Alijifunika uso kwa aproni, mabega yakawa yanamtikisika, nami nikamshika mkono hadi akatulia. Halafu akaniambia namminya.

Vigingi viling'olewa na wale wale waliovipiga. Kimoja hakikung'oka: Bibi Kamba alikuwa amesimama mbele yake, kamba yake imefungwa hapo, akawaambia hicho ni chake. Kipo mpaka leo, kichwa chekundu, soksi juu yake.

Usidhani kundi limevunjwa. Binti alitaka livunjwe, kazi imekwisha, akashindwa. Sasa tunadai paa juu ya sakafu ya kufulia, maana mvua inatunyea na sabuni inatoroka. Mawaridi bado yanaingia kila asubuhi, na mkate umepasuka tena. Admini siku hizi ni mjukuu wa Bibi Kamba. Wifi alimkabidhi mwenyewe, na alikaa siku kadhaa bila kugeuka ukimwita kwa jina lile. Jina la kundi pia limebadilishwa. Linaitwa Kausha Mikono Kwanza, na hiyo ndiyo sheria yake pekee: ujumbe wa kundi hausikilizwi mpaka mikono iwe mikavu na simu iwe sikioni.

Juzi tulikuwa tunafua, wifi na mimi, ujumbe wa binti ukaingia. Niliona pua inakwenda, ikasita. Wifi akanyanyuka, akajifuta kidole kwa kidole, akaitoa simu kwenye mfuko, akaibandika sikioni, akasikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho amekunja uso kama waziri. Halafu akairudisha mfukoni, akaibana, akainamia beseni.

Nikamuuliza binti amesema nini.

"Ni siri ya kundi," akanijibu.

"Wifi, mimi nimo kundini."

"Basi kausha mikono usikilize wako."